Swali la Fuko

Mimi siiamini michezo ya maswali ya televisheni. Nasema mapema ili mtu asidhani kwamba nilikaa mbele ya kile kioo nikiwa nimefumba akili. Naitazama, ndiyo, kila jioni nikirudi kutoka ofisini, mtaa wa Manika: ile ya Wafaransa inayoingia kwa dishi, na ile yetu ya hapa Kolwezi inayorushwa kila Ijumaa. Lakini naitazama kama ninavyomtazama mwanamke anayenipimia unga sokoni huku akinipigia soga: macho yangu yako kwenye kopo, si kwenye mdomo wake. Yule mwenye miwani mbona kajibu kabla swali halijaisha? Yule mwingine mbona anaulizwa mambo ya mpira tu, naye amekuja na shati la timu? Mama hunicheka. "Weye," husema, "hata siku ya hukumu, Mungu akikuuliza kintu, utamuuliza kwanza ni nani alimupatia majibu."

Hata hivyo kuna maswali niliyoyasubiri tangu utotoni, nayo ni yale yanayogusa vitabu vya kisima.

Hivyo ndivyo tulivyoviita nyumbani. Ni mfululizo wa hadithi za zamani za watoto, kwa Kifaransa, na inaonekana huko Ulaya kila mtoto amelelewa nao. Watoto wa nyumba moja wanashuka ndani ya kisima kikavu, wanakuta chini yake nchi nzima yenye misitu na barabara, na malkia anayewanyang'anya watu sauti zao na kuzifungia kwenye chupa. Baba alivipata ndani ya sanduku siku mhandisi mmoja Mzungu alipofunga nyumba na kurudi kwao. Baba alikuwa fundi umeme mgodini. Alitusomea jioni, mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, na watoto wa mtaa wakajaa sebuleni kwetu hadi mlangoni.

Baba akikutana na neno gumu hakusimama. Kitabuni, anayewatoa watoto kisimani ni ndege mkubwa mweupe wa majini, mwenye shingo ndefu, ambaye baba hakuwahi kumwona hata siku moja. Yeye akasema ni fuko, yule mnyama mchimba ardhi. Tulipokua na kujisomea wenyewe tulimshtaki, naye hakuona haya hata kidogo. "Ndege anajua nini mambo ya chini?" akatuuliza. "Fuko njo anajua njia ya kutokea. Na akikosa njia, munamukula." Na kweli, fuko wa kuchoma tulimpenda sote.

Televisheni ilipoingia nyumbani, baba aliweka sheria. Mchezo wa maswali ukitaja kitu cha vitabu vya kisima, hata kwa mbali, wa kwanza kupiga meza anapewa ukoko wa bukari, ugali wetu, ule mgumu wa chini ya sufuria. Tukawa kama paka kwenye tundu la panya. Swali la rangi ya chupa za malkia: meza. Swali la mti unaolinda mlango wa ile nchi: meza. Hata siku mtangazaji wa Kifaransa alipomtania mshindani aliyekwama, akamwambia ameshuka kisimani bila kamba, yaya alipiga meza mpaka chumvi ikamwagika. Alinishinda karibu kila mara. Mimi nilimshuku kwamba anapiga ovyo halafu anatafuta sababu baadaye, na nilidai ushahidi. Baba alicheka akampa ukoko, na yaya alinimegea kipande baadaye jikoni, ili ninyamaze.

Yaya aliacha shule akaenda kuchimba. Vijana wengi walikwenda wakati huo, wa hapa na wa kutoka kila kona ya Kongo, wakishuka kwenye mashimo ya shaba na kobalti kule Mutoshi na kwingine. Baba alikuwa amefanya kazi mgodini maisha yake yote, kwa kofia na viatu na karatasi ya mshahara, na kwake yeye kumwona mwanawe akishuka ardhini kwa kamba na tochi ya kichwani kulikuwa matusi. Walibishana siku nzima. Mwishowe baba alisimama mlangoni akasema, "Ukishuka mu ile shimo, usipandie tena huku kwangu." Yaya alichukua mfuko wake akatoka bila kugeuka.

Mwanzoni salamu zake zilikuja kwa midomo ya watu. Kisha zikakoma. Baba aliugua, akafa, tukamzika, na yaya hakuonekana. Mvua zilizofuata, shimo moja liliporomoka na watu hawakutolewa wote. Kijana wa mtaani kwetu akaja kusema kwamba alimwona yaya akishuka humo asubuhi ile. Nilimhoji mimi mwenyewe. Mara yaya alivaa shati jekundu, mara la buluu. Mara walisalimiana, mara alimwona kwa mgongo. Nilimfukuza uani. Lakini neno lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba, na neno la namna hiyo halifukuziki.

Miaka ikapita hivyo, hakuna kaburi, hakuna mtu. Mwaka huu baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja akaketi na mama akamwambia kwamba imetosha. Tufanye matanga, tulie, tumalize, mama apate kulala. Mimi nilimtazama kwa jicho lilelile la mchezo wa maswali. Kiwanja chetu baba alishamwachia yaya kwa mdomo, mbele ya mashahidi, kabla ya ugomvi wao, na hakubadilisha. Yaya akishaliliwa, kiwanja kitakuwa cha nani? Sikusema, lakini nililiwaza kwa sauti kubwa kiasi kwamba nadhani alilisikia.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki. Huku kwetu mtu akishaliliwa matanga, hata kama yu hai, hana tena pa kurudia. Akija mlangoni watoto watakimbia, watu wazima watammwagia maji na kumwombea, na mkeka uliokaliwa kwa kilio chake hauwezi kukunjwa kana kwamba hakikutokea kitu. Baba alimfungia yaya mlango kwa maneno, na maneno husameheka. Matanga yangeufunga kwa misumari. Nilitegemea mama akatae. Mama akasema, "Mufanye. Mi nimechoka kusikiliza mulango."

Siku ikapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa, wiki chache kabla ya siku hiyo, mama anamenya viazi, mimi nautazama mchezo wetu wa Kolwezi na kuwasema washindani. Katikati yake huwa kuna kipande cha watazamaji: mtu yeyote hutuma swali pamoja na jibu lake kwa simu, mtangazaji huwauliza washindani, na wakishindwa, simu hufunguliwa. Mtangazaji akasoma, kwa Kifaransa: katika hadithi ya watoto walioshuka ndani ya kisima kikavu, ni mnyama gani aliyewapandisha juu?

Mkono wangu uliipiga meza kabla sijajua.

Mwanafunzi mmoja wa sheria, amevaa tai, akajibu kwa raha zake: ni ndege mweupe wa majini. Mtangazaji akatazama karatasi yake, akatikisa kichwa. Hapana. Jibu ni fuko. Yule mwanafunzi akasimama. Akasema amekisoma kile kitabu, hakuna fuko ndani yake, yuko tayari kukileta. Mtangazaji akasema aliyetuma swali ndiye aliyetuma jibu, na jibu ni fuko, tuendelee. Watu ukumbini wakacheka.

"Nini?" mama akauliza. Hafuati Kifaransa cha haraka. Alikuwa akiutazama mkono wangu juu ya meza.

"Mende," nikasema. "Nimeiua."

Sikumwambia, na sijutii. Tumaini si kitu cha kumpa mama wa namna ile mpaka umeligeuza kila upande. Kwa maana nani alituma swali lile? Moyo wangu ulishajibu, na kwa sababu ulijibu upesi sikuuamini, kama nisivyomwamini mwenye miwani. Nusu ya mtaa wetu walikaa kwenye sebule ile. Wote wanamjua fuko wa baba. Na mji huu una watu wanaoishi kwa matumaini ya wenzao: watampigia simu mama aliyepotelewa, watamwambia mwanao yuko hospitali ya mahali fulani, tuma nauli tumlete. Habari ya matanga yetu ilikuwa imeshazunguka sokoni. Ukitaka kuivua familia kama yetu, fuko ni chambo kizuri sana.

Jumatatu nikapanda pikipiki ya taksi-moto hadi kwenye kituo cha televisheni. Msichana wa mapokezi alikuwa mpole na hakunisaidia kitu.

"Mama, namba ya batu hatupanaka."

"Nambie tu, ilikuwa sauti ya mwanaume ao ya mwanamuke?"

"Tunapokeaka mingi sana, mama. Tunaandika, kiisha tunafuta."

"Na majibu? Munahakikishaka?"

Akashangaa kidogo. "Mwenye kutuma swali njo anajuaka jibu."

Siku nyingine ningemwambia maneno makali juu ya televisheni za siku hizi. Lakini nilisimama pale nikawaza: anayetuma swali kwenye mchezo hukaa kusikiliza nani atalijibu. Kama ni yaya, Ijumaa ijayo atakuwa anasikiliza. Na kama ni mwizi, atakuwa anasikiliza pia. Ilibidi nitafute swali ambalo mwizi hawezi kulijibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa mwisho.

Kitabu cha mwisho cha kisima hakina ukurasa wa mwisho. Baba alipotufikisha pale, watoto wamejaa, malkia amemshika mkono mtoto mdogo kuliko wote na anafungua mdomo aseme neno, aligeuza karatasi akakuta jalada. Alikasirika sana. Mama alisema ni panya. Akaapa kwa Bikira Maria kwamba ni panya, na baba akaweka mtego chini ya kabati. Lakini yaya nami tulijua. Asubuhi ile kulikuwa na mvua, makaa yalikuwa mabichi, na tulimwona mama kwa dirisha la jikoni akichana karatasi moja kutoka kwenye kitabu na kuwashia mbabula, lile jiko letu la makaa, kisha akatazama huku na huku. Tulikubaliana kunyamaza ili wasigombane. Hatukumwambia baba, hatukumwambia mtoto yeyote wa mtaani, na mama mwenyewe hakujua kwamba tulimwona. Dunia nzima ilijua ni panya. Ni watu wawili tu waliojua vingine, na mmoja wao ni mimi.

Nikatuma swali. Katika vitabu vya watoto walioshuka kisimani, malkia anasema nini kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mwisho? Walitaka jibu, na mimi mpaka leo silijui. Nikatunga: "Fungeni mlango, upepo unaingia." Mimi ninayelalamika kila siku kwamba mchezo una udanganyifu, nikautia udanganyifu kwa mkono wangu mwenyewe. Usingizi haukunipotea kwa ajili ya hilo.

Ijumaa iliyofuata hawakulisoma. Ijumaa nyingine wakasoma swali la samaki wa Lualaba na swali la nyimbo za kanisani. Nilianza kumchukia yule mtangazaji na koti lake. Baba mdogo alikuwa anapita kila siku kuuliza habari za sufuria na turubai, na mama aliitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia sala kwa lugha asiyoijua. Shati moja la yaya lilikuwa limefuliwa na kukunjwa juu ya kabati, la kuweka kwenye mkeka mahali ambapo mwili ungelazwa. Nilipolipita niligeuza uso.

Ikafika Ijumaa ya mwisho, kesho yake matanga. Viti vya plastiki vya kukodi vilishaletwa, vimepangwa uani kimoja juu ya kingine hadi kwenye dirisha. Huku kwetu sebule ya matanga hutolewa kila kitu, ubaki mkeka na wanaolia. Baba mdogo alishatoa makochi, meza na kabati, akaja kushika waya wa televisheni.

"Ile utoe ya mwisho," nikamwambia.

"Mwanangu, tunalia kesho, na weye unataka kuangalia muchezo?"

"Ile ya mwisho, baba mudogo. Tafazali."

Nilidhani atakasirika, nami nilikuwa tayari, nilikuwa na kiwanja chote mdomoni. Badala yake akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, na nikaona kwamba mzee yule alikuwa amelia mchana kutwa na macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua niweke wapi hasira yangu. Mama alikuwa kwenye kigoda, sinia la mchele wa waombolezaji mapajani, anautoa mawe.

Na mtangazaji akalisoma. Swali langu, neno kwa neno.

Mwanafunzi wa sheria alikuwepo tena, maana alikuwa bado anashinda. Akajibu kitu kirefu na kizuri kwa Kifaransa, na naamini kabisa kwamba alikuwa sahihi. Mtangazaji akatikisa kichwa. Yule kijana akainua mikono akatazama juu, na nilimwonea huruma. Simu zikafunguliwa. Mwanamke mmoja akasema malkia aliomba msamaha. Mwanaume mmoja akasema malkia alimtaja Yesu. Mwingine alitaka tu kumsalimu mkewe.

"Tuko na simu moja ya mwisho," mtangazaji akasema, kwa Kiswahili sasa. "Jambo, tata. Unatupigia toka wapi?"

Pakawa na kelele za upepo na pikipiki inayopita.

"Kasaji."

"Karibu, tata wa Kasaji. Malkia anasema nini?"

Upepo tu ukasikika. Nikawaza: amekata. Nikawaza: ni mwizi, anatafuta uongo.

"Hasemi kintu," ile sauti ikasema. Ilikuwa nzito kuliko ninavyoikumbuka, na yenye mikwaruzo ya vumbi. "Ile karatasi haiko. Mama aliwashaka nayo mbabula. Panya ni bubongo, haikukuwa panya. Shiye babili tulimuonaka ku dirisha."

Ukumbi mzima ukacheka. Mtangazaji akacheka mpaka akashika meza. "Pole, tata, umekosa! Jibu ni 'Fungeni mlango, upepo unaingia.' Asante kwa kutupigia." Na simu ikakatwa, na wakaendelea na swali la mito ya Ulaya.

Nilitaka kupiga meza lakini meza ilikuwa uani. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, uso karibu na kioo, kana kwamba ile sauti ingeweza kuwa bado imebaki humo ndani. "Ni yee," alikuwa anasema. "Ni yee. Njo sauti ya kaka yangu kabisa, ya baba yenu." Machozi yalimshuka waziwazi, na mimi niliyemshuku siku zote hizo nilimshika bega nikalia naye.

Mama hakulia. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sinia, jiwe dogo katikati ya vidole viwili. Mtangazaji na yule mtu walikuwa wamezungumza Kiswahili, na hakukuwa na neno lililompita. Aligeuka akanitazama mimi, si televisheni.

"Mulinionaka?"

"Tulikuonaka, mama."

"Babili?"

"Babili."

Alilitupa lile jiwe nje ya mlango. Akaweka sinia chini polepole, akasimama, akaenda dirishani, akatazama uani, viti vile vyote vya watu vilivyosubiri kukaliwa kesho.

"Tata," akamwambia baba mdogo, "rudisha biti bya benyewe."